Kiboko Ndani ya Majalada

Wamekirudisha kitabu chetu. Wamekirudisha kwa hotuba, kwa kipaza sauti kinachokoroma na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na sisi wafanyakazi wa ofisi ya kumbukumbu tukaambiwa tuache kazi saa nne twende tukajaze viti. Nikaenda, nikajaza kiti changu. Mgeni wa heshima akakiinua kitabu juu, watu wakapiga makofi, akasema kilikuwa kimepigwa marufuku katika nyakati zile za kutoelewana. Kutoelewana, eti. Utadhani ni mke na mume waliozozana juu ya chumvi.

Wakagawa nakala bure. Nikaifungua yangu palepale. Karatasi inang'aa mpaka unajiona uso. Kiboko wamemchora upya, kwa kuwa, walisema, hakuna nakala hata moja ya zamani iliyopatikana, hivyo mchoraji kachora kwa kusimuliwa. Aliyemsimulia alikumbuka vibaya. Kiboko wetu alikuwa mnene, mweusi tii, jicho moja kubwa kuliko jingine. Huyu wao kakonda, anatabasamu, kavaa kaptula. Na mwisho wameugeuza: wanyama wote wanamsaidia Kiboko kuitapika ngoma aliyoimeza, kisha wanacheza duara, na chini pameandikwa kwamba umoja ni nguvu. Nikakifunga.

Mimi ni fundi majalada. Mwaka wa ishirini na tisa huu nashona vitabu vilivyochanika na rejista zilizoliwa na mende, na nina ulimi, ndiyo maana wameniweka chumba cha nyuma nisikutane na wageni. Siku ile niliubana ulimi wangu. Nilirudi nikakitupa kitabu kile juu ya meza ya kazi, nikamkumbuka baba, nikamkasirikia upya. Miaka yote nilikuwa namkasirikia hivyo hivyo. Mtu akifungwa kwa ajili ya kitabu, watoto wake watatembea kifua mbele. Baba yangu alifungwa kwa uzembe. Hukumu ndivyo ilivyosema, na mimi niliiamini.

Na yeye alikuwa fundi majalada, katika kiwanda cha uchapaji cha serikali. Walimwita Mzee Gundi tangu hajaota mvi, maana gundi ya unga ilikuwa haimtoki kwenye kucha hata asugue kwa mchanga. Alikuwa mtu wa kusoma. Kila alichokishona alikisoma kwanza: sheria za barabarani, taarifa za chanjo ya mifugo, hata kitabu cha namna ya kufuga nyuki, naye hakuwa na nyuki hata mmoja. Mama alikuwa akimwambia kwamba kama kusoma kungekuwa kunashibisha, nyumba hii tungekuwa tunacheua.

Msemo wake ulikuwa mmoja: karatasi haitupwi. Na katika kazi yetu ni kweli. Wewe unaona jalada gumu la rejista unadhani ni ubao. Si ubao. Siku zile ubao wa kununua ulikuwa adimu, kwa hiyo fundi alichukua makaratasi mabovu, fomu zilizokosewa, bahasha kuukuu, akayapaka gundi, akayabandika moja juu ya jingine, akayakandamiza mpaka yakawa jalada moja gumu, kisha akalivalisha kitambaa. Ukilipasua jalada la zamani utakuta takataka za ofisi nzima humo ndani. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kitabu cha Kiboko kilipochapwa, kila fundi alipewa nakala moja iliyokunjika pembe, na jina lake likaandikwa kwenye orodha. Nilikuwa na miaka sita. Kilikuwa na karatasi kumi na mbili, picha upande mmoja tu. Kiboko anataka yeye peke yake ndiye asikike bondeni, basi anaimeza ngoma ya wanyama wote. Tangu siku hiyo akipiga hatua tumbo linalia, ndu, ndu, ndu. Hawezi kujificha, hawezi kulala, na wenzake wakimsikia anakuja wanahama. Ukurasa wa mwisho haukuwa na neno hata moja. Kiboko peke yake ndani ya bwawa, maji yamemfika shingoni, na maji yenyewe yanatetemeka.

Baba akirudi kazini alininawisha mikono, akanipakata, akanisomea. Akifika kwenye ukurasa huo wa mwisho alinyamaza, akagonga meza kwa vidole vyake vyenye gundi, ndu, ndu, ndu, taratibu, mpaka nicheke nikose pumzi. Aliniita Kiherehere, kwa sababu nilikuwa naifunua karatasi kabla hajamaliza maneno. Siku moja nikaona sikio la Kiboko limepauka, nikalipaka penseli nyekundu katika kila picha, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Baba hakunigombeza. Alisema sasa Kiboko anasikia vizuri.

Wakati ule Mkubwa mwenyewe, aliyeitawala nchi, alikuwa na tumbo. Hakuna aliyesema kitu, lakini msafara wake ulipokuwa ukipita, watu wa sokoni wakaanza kugonga meza zao kwa vidole. Ndu, ndu, ndu. Wengine wanagonga ndoo. Wanafunzi wakagonga madawati. Haikuchukua wiki tatu likaja tangazo: kitabu kikusanywe chote, kutoka shuleni, maktaba na majumbani, na kikatwekatwe kiwandani kilikozaliwa. Na mafundi warudishe nakala zao, kila jina liwekewe alama kwenye orodha.

Siku hiyo naikumbuka vipandevipande. Nakumbuka nikilia. Nakumbuka kitabu kikiingia kwenye mfuko wa baba wa chakula cha mchana, na mlango. Basi. Mtoto wa miaka sita anakumbuka nini.

Kazi ya baba katika shughuli ile ilikuwa kuvunja migongo: kukata uzi na kuachanisha karatasi, ili mashine ya kukatia isizibwe. Msimamizi alihesabu majalada matupu, karatasi zikasukumwa kwenye mashine bila kuhesabiwa. Jioni kila mfanyakazi alipekuliwa getini, mpaka soksi. Hakuna aliyetoka hata na kipande.

Mvua za mwaka uliofuata ndizo zilizotuvunja. Katika ofisi moja ya kuandikisha vizazi na vifo, mbali huko, paa lilivuja juu ya rejista iliyoachwa mezani. Jalada likalowa, likafumuka, na karani alipolishika, Kiboko akamtokea nje mzimamzima, yuko bwawani, maji shingoni. Karani akacheka. Hilo ndilo kosa lililotuua, kicheko cha karani. Akamwita mwenzake, mwenzake akagonga meza, kicheko kikamfikia mkuu wa ofisi, na mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa kupiga simu.

Askari wakaja kiwandani mchana uleule. Walipasua kila jalada walilolikuta kwenye chumba cha baba, wakakuta fomu na bahasha. Wakamuuliza kwa nini picha ile iko ndani ya rejista ya serikali. Baba akawaambia hajui kusoma. Yeye anaokota karatasi kwenye lundo la taka, anapaka gundi, anashona. Karatasi kwake ni karatasi. Wakamtazama mikono, wakaitazama aproni yake, wakaamini. Mtu wa gundi atajuaje kusoma. Badala ya uchochezi, ambao ungempeleka ndani asitoke, akapewa miaka minne kwa uzembe. Usiku wa siku hiyo mama alinikalisha akaniambia kwamba kuanzia leo baba yako hajui kusoma, nikiulizwa na mwalimu, hajui, nikiulizwa na jirani, hajui.

Akatoka baada ya miaka minne, na akaendelea kutojua kusoma. Kiwanda hakikumtaka tena, akawa anashona magunia na mikoba ya turubai kibarazani. Barua za kaka yake alisomewa na watoto wa jirani, naye akisikiliza kwa makini, anaitikia, na wakati macho yake yalikuwa yameshafika chini ya ukurasa. Niliyaona. Kwenye fomu aliweka dole gumba. Kwanza ilikuwa woga, baadaye ikawa mazoea, mwishowe nadhani alisahau kwamba kuna namna nyingine. Shuleni waliniita mtoto wa bwege aliyebandika asichokijua. Nami nilikuwa najua kwamba alikijua. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliiona picha, aliitambua, na bado akaitia ndani ya jalada kwa sababu ya ubahili wa karatasi. Ndivyo nilivyojiambia.

Nilipopata kazi hii nilikuwa na miaka ishirini. Fomu ilitaka sahihi ya mzazi. Baba akachovya dole gumba kwenye wino mbele ya afisa, akaniharibia fomu yote. Tulipofika nyumbani, mama yupo anasikia, nikafungua mdomo.

"Ungekuwa mjinga kweli tungejua moja. Wewe unajua kusoma na bado ni mjinga. Umetupoteza sote kwa kipande cha karatasi."

Baba akajifuta wino kwenye suruali.

"Karatasi haitupwi, Kiherehere," akasema, akatoka kwenda kwenye magunia yake.

Aliishi miaka ishirini na mitatu baada ya hapo. Nilimtunza, asije mtu akasema sikumtunza. Dawa nilinunua, nguo nilifua, hospitali nilimpeleka kwa mkono wangu. Lakini neno lile sikulirudisha. Mwaka wa sita sasa tangu tumzike, na mpaka mwezi uliopita sikuona haja.

Mwezi uliopita, wiki tatu baada ya hotuba zile, likaja agizo kwamba rejista zote za zamani zilizokusanywa kutoka wilayani zipigwe picha ziingizwe kwenye kompyuta. Kazi yangu ni kuzivua majalada, ili karatasi zilale sawa chini ya mashine. Nikavua siku nne. Siku ya tano nikafungua mgongo wa rejista moja nikaona fundo. Mafundi wengi hufunga uzi kwa fundo moja wakakata. Baba alikuwa anazungusha mara mbili na kulilaza chini ya uzi, lisimkwaruze msomaji. Alinifundisha kwa kamba ya kiatu. Nikasema, haya bwana, tumekutana.

Nikaangalia mgongo. Ilikuwa rejista namba moja kati ya kumi na mbili, kila wilaya yake, zote zimeshonwa mwaka ule wa marufuku. Nikaingiza kisu kwenye jalada la nyuma. Nilitegemea kukwangua kama kawaida, maana gundi ya unga ikikauka vizuri ni jiwe. Lakini katikati jalada likaachana lenyewe, likafunguka mithili ya bahasha, na ndani kulikuwa na karatasi mbili nyeupe kavu, na katikati ya hizo karatasi mbili alilala Kiboko. Picha ya kwanza. Bado hajaimeza ngoma. Sikio lake ni jekundu.

Nilikaa chini. Kisha nikainuka nikazitafuta nyingine, nikazipata kumi, nikazifungua moja baada ya moja. Rejista ya pili, picha ya pili. Ya tatu, ya tatu. Ya saba, Kiboko anajaribu kulala, sikio jekundu. Mpaka ya kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwepo. Ndiyo ile iliyolowa, ikaenda mahakamani ikawa kidhibiti na haikurudi.

Hebu niseme jambo ambalo fundi yeyote atakwambia. Karatasi unayoitupa unaipaka gundi uso mzima. Hii ilipakwa ukingoni tu, ukanda mwembamba kama ukucha, na ikafungiwa karatasi safi pande zote mbili isiguswe na unyevu. Hivyo unafanya kwa karatasi unayotaka kuirudia. Na rejista hurudi. Kila baada ya miaka mitano, sita, mgongo hulegea, wilaya huirudisha kiwandani kwa fundi yuleyule. Angezipokea moja moja, angezitoa moja moja, na ukaguzi wa getini ungekuwa umeshachoka. Baba yangu hakuwa ameokota kitu kwenye lundo la taka. Alikificha kitabu changu, chenye penseli yangu, karatasi kwa karatasi, kwa mpangilio, ndani ya nyumba ya haohao waliomwamuru akikate.

Na kilichomponza ni hicho hicho. Angepaka gundi yote, maji yale yangelifanya jalada donge la uji na karani angelitupa kwenye ndoo. Kiboko alitoka mzima kwa sababu baba alimtunza.

Nilivaa zile karatasi kumi na moja chini ya blauzi, zimebanwa mgongoni kwa mtandio. Getini mlinzi alichungulia mkoba wangu huku anaitazama simu yake, akaniambia siku njema. Ukaguzi uliomshinda baba mimi niliupita kabla sijameza mate.

Mama alikuwa anachambua mchele mezani. Ana miaka themanini na mbili na macho yake yanaona anachotaka. Nikasukuma ungo pembeni, nikazipanga karatasi. Hakushtuka. Aliweka kidole kwenye sikio jekundu, akakiacha hapo muda mrefu. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sijivunii, kwa nini baba alifanya wazimu ule na mke anaye na mtoto anaye.

"Kwani hukumbuki?" akasema mama. "Ulilia siku mbili. Chakula ulikataa. Ulimng'ang'ania mguu pale mlangoni, ukamwambia akikikata kitabu chako humwiti baba tena. Akakuahidi hatakikata."

Nikasema sikumbuki. Na ni kweli sikumbuki. Nimejaribu, nikilala najaribu, napata mlango tu na ule mfuko.

Nikamuuliza mbona hawakuniambia. Basi hata siku ile ya dole gumba, nilipomtukana baba mbele yake, mbona alinyamaza. Mama akavuta ungo wake.

"Nilitaka kusema, akanikonyeza. Tukiwa wawili akaniambia, mwache. Bora anione mjinga, atanichukia mimi, yatakwisha. Akijua ni yeye aliyeniomba, hayatakwisha."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, bila ukali, kwamba hata hivyo alikuwa akingoja niulize. Miaka yote ile ningeuliza mara moja tu, kwa upole, baba yangu ilikuwaje, angesema mwenyewe. Sikuuliza. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amezaliwa na meno yote.

Baba alikosea kitu kimoja. Mimi sikumchukia yakaisha. Nilimchukia mpaka akafa, na sasa ninayo yote mawili, ile chuki niliyompa bure na hiki alichotaka kunikinga nacho. Nimelia, lakini kulia kwenyewe ni kwa hasira, na hasira sina pa kuipeleka. Karani yule aliyecheka ameshakufa. Mkubwa ameshakufa na uwanja wa mpira umepewa jina lake. Baba hana hata cheti cha kazi.

Juzi mkuu wangu wa ofisi alikuja chumba cha nyuma, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka. Ana barua mkononi. Wachapishaji wa kile kitabu wanauliza kama katika nyaraka zetu za zamani kuna ukurasa wowote wa nakala ya mwanzo, hata kipande. Wataweka kwenye kioo, kutakuwa na sherehe nyingine, mgeni wa heshima atapiga picha na atakayepata. Akaangalia lundo la majalada matupu pembeni yangu, akaniuliza kama katika kuvua zile rejista nimekutana na chochote ndani.

Niliwaza kumwambia. Niliona jina la baba kwenye kioo, na mgeni wa heshima akilitamka, halafu akisema kutoelewana. Mkono wangu ulikuwa umejaa gundi. Nikaufuta kwenye aproni.

"Ndani ni makaratasi mabovu tu, bosi," nikamwambia. "Mimi wala sisomi. Nashona tu."

Akanishukuru, akatoka. Aliniamini mara moja.